Klozi ya dola 1,500,000: mchezaji anaondokaje Mazembe, na klabu inabaki na nini?

Kunguru wa Kamalondo
Nimefungua uzi huu wa TP Mazembe, klabu yetu ya Lubumbashi, Kongo, kwa sababu ule wa juzi kuhusu mchezaji wetu kutakiwa Ulaya umejaa matusi na tarakimu zisizo na kichwa wala miguu. Jina la mchezaji naliacha. Hakuna kati yetu aliyeishika kontra (mkataba) yake mkononi. Tuchukue mfano tu: winga wa miaka 24, alianza mpira mtaa wa Ruashi, hapahapa Lubumbashi, akapita klabu ya pili, yuko Mazembe tangu ana miaka 19. Mkataba umebaki miaka miwili na ndani yake kuna klozi, yaani kifungu cha kuondoka, ya dola 1,500,000. Klabu ya Ulaya inaileta hiyo pesa. Nini kinatokea, hatua kwa hatua? Na sisi tunabaki na nini?

Mutoto wa Katuba
Swali gani tena hiyo? Makuta ikifika, mutoto anaenda. Klozi ni klozi. Neymar alienda namna gani?

Mwanasheria BelAir
Mutoto wa Katuba, hapo ndipo watu wengi wanapopotea, kwa hiyo niruhusu niende polepole.

Neno "klozi" linabeba vitu viwili tofauti. Cha kwanza ni mchezaji kujinunua: mkataba unasema ukilipa kiasi fulani, umevunjwa, na klabu haiulizwi kitu. Hicho ni cha Hispania. Kule kuna amri ya mwaka 1985, nambari 1006, inayompa mchezaji wa kulipwa haki ya kuvunja mkataba kwa kulipa fidia, ndiyo maana kila mchezaji wa La Liga ana tarakimu yake. Neymar mwaka 2017 alitoka hivyo kwa euro milioni 222. Wanasheria wake walizipeleka kwanza ofisi za La Liga, zikakataliwa, siku hiyohiyo wakazipeleka Barcelona kwenyewe. Barcelona hawakutaka aondoke, lakini kutaka kwao hakukuwa na uzito tena.

Cha pili ni ahadi ya klabu: "ikija ofa ya kiasi hiki, tutakubali kumuuza." Hapo klabu bado inakaa mezani na kutia sahihi. Yote inategemea maneno. Mwaka 2013 Arsenal walipeleka pauni 40,000,001 kwa ajili ya Suárez, wakidhani hiyo pauni moja ya juu ndiyo ufunguo. Liverpool wakakataa, Suárez akabaki, akafunga mabao 31 ya ligi msimu uliofuata.

Kongo hatuna sheria kama ile ya Hispania. Klozi yetu ina nguvu ya maneno yaliyoandikwa ndani ya kontra, basi. Na Ufaransa, ambako tunaangalia ligi yao kila wikendi, kanuni za ligi kwa miaka mingi zilikataza klozi ya namna hiyo. Kwa hiyo msichukue mazoea ya nchi moja mkayavika nyingine.

Mutoto wa Katuba
Yaya, mi sielewe. Kama batu banaleta makuta yote, klabu itakatala namna gani?

Mwanasheria BelAir
Itakataa kwa kuuliza maswali manne. Nani amelipa? Lini? Zimefika ngapi? Na barua ya notisi iko wapi? Klozi mbovu inaanguka kwenye moja ya hayo.

"Nani": kama imeandikwa kwamba mchezaji ndiye anayelipa, na pesa ikatoka moja kwa moja kwenye akaunti ya klabu mpya, mtu anaweza kusema sharti halikutimia. Mkumbuke Bakambu, Léopard wetu wa timu ya taifa. Januari 2018 Villarreal walitangaza kwamba yeye mwenyewe amevunja mkataba kwa kulipa klozi, na iliyoripotiwa ni euro milioni 40. Akaishia Beijing Guoan. China wakati huo ilikuwa na tozo ya asilimia 100 juu ya ununuzi mkubwa wa wageni, ndiyo maana swali la nani hasa amelipa lilikuwa zito.

"Lini": klozi nzuri ina dirisha lake. Isiyo na tarehe inaweza kuvutwa saa tano usiku siku ya mwisho ya usajili, na wewe huna muda wa kuleta mwingine.

Kontabo wa Kenya
Niongeze kwenye "zimefika ngapi", maana hiyo ni sehemu yangu na mashabiki huwa wanaipita mbio. (Kenya yangu ni mtaa wa Lubumbashi, si nchi.)

Dola haitoki Brussels ikaingia Lubumbashi. Inapita kwa benki ya katikati, mara nyingi New York, na kila mlango unajikatia chake. Mkataba ukisema "dola 1,500,000" na zikaingia 1,499,940, je, klozi imelipwa? Kwa maneno makavu, hapana. Dola 60 zinaweza kufungua kesi ya miezi. Kwa hiyo maneno yanayotakiwa ni haya: kiasi kamili kilichoingia kwenye akaunti ya klabu, gharama zote za benki juu ya mtumaji, kwa mkupuo mmoja. Karatasi ya benki inayoonyesha kwamba pesa imetumwa si malipo. Malipo ni pale salio linapoonekana.

Halafu saa. Majira ya kiangazi ya Ulaya sisi na Brussels saa zetu ni sawa, New York iko nyuma saa sita. Pesa iliyotumwa Ijumaa alasiri msiitafute kabla ya Jumatatu. Na kuna kosa moja dogo ambalo linanichekesha: watu wanapenda kuandika "klozi inakufa 30 Juni" kwa sababu ndiyo mwisho wa msimu Ulaya. 30 Juni ni sikukuu ya uhuru wa Kongo, benki zimefungwa! Wekeni 25 Juni, au andikeni "siku ya kazi ya benki ya Lubumbashi".

Njano na Buluu
Mimi ni wa Lupopo, mahasimu wenu wa hapahapa mjini, lakini niko hapa kusoma tu, msinifukuze. Swali: hata kama pesa imefika, si FECOFA, shirikisho la soka la Kongo, inaweza kukaa na cheti cha uhamisho mpaka Mazembe waridhike? Zamani ilikuwa hivyo.

Mwanasheria BelAir
Karibu, jirani. Zamani ilikuwa hivyo, siku hizi hapana.

Tangu Oktoba 2010 uhamisho wa kimataifa wa wanaume unapita kwenye mfumo wa TMS wa FIFA. Klabu mpya inaingiza taarifa, inapakia mkataba na uthibitisho wa malipo, halafu shirikisho lake linaomba cheti, ITC, kutoka kwa FECOFA. Ombi lazima liingie kabla dirisha la usajili la nchi ya klabu mpya halijafungwa. Likichelewa, mchezaji anakaa jukwaani hadi Januari, hata kama pesa yote imelipwa.

Baada ya hukumu ya Lassana Diarra, mchezaji wa Ufaransa aliyezishtaki kanuni za uhamisho za FIFA, kwenye mahakama ya Umoja wa Ulaya, tarehe 4 Oktoba 2024, FIFA ilibadilisha kanuni Desemba mwaka huo. Sasa shirikisho la zamani lina saa 72. Likikaa kimya, shirikisho jipya linamwandikisha mchezaji. Na mgogoro wa mkataba si sababu tena ya kuzuia cheti. Mnaweza kudaiana fidia miaka miwili, lakini mtu atakuwa anacheza.

Kwa hiyo wale wanaoandika "FECOFA imukatalie" wanazungumza habari za kanuni iliyokufa.

Njano na Buluu
Asante. Nilidhani mtaniambia habari za 2011.

Kunguru wa Kamalondo
Tulijua utafika huko, Lupopo hamkosi. Haya, tuiseme wenyewe: 2011 tukiwa mabingwa watetezi, CAF ilituondoa Ligi ya Mabingwa kwa sababu ya Janvier Besala Bokungu, aliyekuwa na mgogoro wa mkataba na Espérance ya Tunis. Simba ya Dar es Salaam ndiyo iliyolalamika. Uwanjani tulikuwa tumeshawatoa. Karatasi ikawarudisha.

Lakini angalia vizuri, ile haikuwa habari ya klozi. Ilikuwa habari ya mchezaji kuingizwa kwenye orodha wakati kontra yake ya zamani bado ina mdomo. Nasi tulikuwa upande wa klabu mpya, si ya zamani. Ndiyo maana klabu ya Ulaya yenye akili haitamgusa mchezaji wetu bila karatasi safi, hata kama saa 72 zinawapa njia.

Mutoto wa Katuba
Na kama hakuna klozi kabisa? Mutoto anaweza kuvunja tu?

Mwanasheria BelAir
Anaweza, na atalipa. Aliyetia sahihi kabla ya kutimiza miaka 28 ana kipindi cha ulinzi cha misimu mitatu au miaka mitatu, kinachotangulia kufika. Baada ya 28 ni miwili. Akivunja bila sababu ndani ya kipindi hicho, mbali na fidia anafungiwa miezi minne, na hali ikiwa mbaya zaidi, sita. Klabu mpya nayo inaweza kuzuiwa kusajili madirisha mawili, ila siku hizi lazima ithibitishwe kwamba ndiyo iliyomshawishi. Zamani ilidhaniwa tu.

Sababu halali zipo, na klabu zetu zizichunge. Mishahara ya miezi miwili isiyolipwa, notisi ya maandishi ya siku 15, na zisipoingia, mchezaji anaondoka bure. Klozi ya milioni moja na nusu inageuka karatasi ya kufungia karanga. Kabla ya kubishana kuhusu tarakimu ya klozi, ulizeni kama mshahara wa mwezi uliopita umeingia.

Na kuna lile la miezi sita: mkataba ukibakiza miezi sita, mchezaji yuko huru kusaini mkataba wa awali na klabu nyingine. Samatta alipokwenda Genk Januari 2016 mkataba wake hapa ulikuwa umebakiza miezi michache. Mezani, anayesubiri ndiye mwenye nguvu.

Kontabo wa Kenya
Sasa hesabu, maana nimeona mtu kwenye uzi wa juzi anasema "tutapata milioni moja na nusu". Hatutapata hiyo.

Uhamisho wa kimataifa wenye malipo, mkataba ukiwa haujaisha, unakatwa asilimia 5 ya mshikamano kwa klabu zote zilizomlea tangu msimu wa miaka 12 hadi 23. Misimu ya 12 hadi 15 kila mmoja ni asilimia 0.25 ya dau lote. Misimu ya 16 hadi 23 kila mmoja ni 0.5. Kwa winga wetu wa mfano:

Klabu ya Ruashi, miaka 12–15: misimu 4 × 3,750 = dola 15,000.
Klabu ya pili, miaka 16–18: misimu 3 × 7,500 = dola 22,500.
Mazembe, miaka 19–23: misimu 5 × 7,500 = dola 37,500.
Jumla 75,000.

Sehemu ya Mazembe inarudi kwa Mazembe. Kwa hiyo mkononi ni 1,462,500. Na hilo hata kama ni klozi, si mauzo ya kawaida: kwenye zile milioni 222 za Neymar, Santos walikuwa na haki yao.

Mkitaka klabu ibaki na 1,500,000 kamili, bila kuhesabu sehemu yake ya mshikamano, lazima kontra iseme "baada ya kutoa mshikamano", na mnunuzi aongeze. 1,500,000 gawanya kwa 0.95 ni 1,578,947. Mstari mmoja wa maneno una thamani ya karibu dola 79,000. Wanaoandika kontra kwa haraka wanausahau.

Fidia ya mafunzo, ile ya kulipa miaka ya kumlea kijana, hapa haipo, maana inaishia mwisho wa mwaka ambao mchezaji anatimiza miaka 23, na wetu ana 24. Angekuwa na 21 na anakwenda klabu ya kundi la kwanza la FIFA Ulaya, kila mwaka wa malezi kuanzia 16 ungehesabiwa kwa euro 90,000. Hilo nalo liwekwe akilini anapouzwa kijana: msiuze kwa bei iliyo chini ya fidia, mkatia sahihi kwamba mmesamehe.

Mwana Ruashi
Subiri kidogo. Hizo 15,000 za klabu ya Ruashi zinafika kweli? Maana hapa kwetu klabu nyingi ofisi yake ni kiti chini ya muembe.

Kontabo wa Kenya
Zinaweza kufika, lakini haziendi kwa anayelala. Tangu Novemba 2022 pesa hizi zinapita FIFA Clearing House, Paris. Mchezaji akiuzwa, mfumo unatengeneza pasipoti yake ya kielektroniki: msimu gani alikuwa wapi. Inawekwa wazi siku 10 ili klabu zinazojiona zimesahauliwa zijitokeze. Baadaye inafungwa.

Vitu vinavyokwamisha klabu za mitaa:

Kwanza, mtoto hakuwahi kuandikishwa. Alicheza miaka minne, lakini leseni ya EUFLU, chama cha soka cha mji wetu, haikukatwa, au ilikatwa mwaka mmoja tu. Bila uandikishaji, ile misimu mingine haina ushahidi. Picha ya timu haitoshi.

Pili, majina. Leseni ina jina la baba mbele, pasipoti ya kusafiria ina postnom (jina la pili) mbele, tarehe ya kuzaliwa inatofautiana siku moja. Mfumo unaona watu wawili.

Tatu, akaunti. Clearing House inakagua klabu kabla ya kulipa: statuti (katiba ya klabu), viongozi na vitambulisho vyao, akaunti kwa jina la klabu. Akaunti ya rais binafsi haifai. Ukaguzi ukishindikana, pesa haitoki.

Na kama klabu imekufa kabisa, FECOFA inaweza kuidai sehemu hiyo kwa ajili ya soka la vijana. Kwa hiyo Mwana Ruashi, kama bado mna kiti na muembe, ongezeni daftari na akaunti ya benki.

Mwana Ruashi
Nimeelewa. Kesho daftari litafutwe.

Kunguru wa Kamalondo
Sasa nirudi kwenye swali langu la pili. Mimi naona klozi ya 1,500,000 ni hasara. Winga wa miaka 24, anacheza Ligi ya Mabingwa, miaka miwili kwenye mkataba. Ningeandika milioni 3.

Mwanasheria BelAir
Mukubwa, tarakimu si tatizo. Ukiandika milioni 3 wakala wake atakuuliza mshahara wa mchezaji wa milioni 3. Vitu hivyo viwili vinapanda pamoja, na klabu ikishindwa kulipa tunarudi kwenye zile siku 15.

Mimi kinachoniuma kwenye klozi ni kwamba inaua asilimia ya mauzo yajayo. Mchezaji akijinunua, hakuna mkataba kati ya klabu na klabu. Hakuna mahali pa kuandika "tutapata asilimia 20 mkimuuza tena". Hakuna bonasi ya mechi 25, hakuna bonasi ya kuingia Ligi ya Mabingwa. Mlango umefungwa, asante, kwaheri. Inabaki mshikamano tu.

Kontabo wa Kenya
Niweke namba. Njia A: klozi, 1,500,000 taslimu. Njia B: mnakaa mezani, mnauza kwa 1,000,000 na asilimia 20 ya faida. Klabu ya Ubelgiji inamuuza baada ya miaka miwili kwa milioni 8. Faida ni milioni 7, asilimia 20 ni 1,400,000. Jumla 2,400,000.

Akivunjika goti, njia B inakupa milioni moja tu. Hiyo ndiyo kamari, na si kila klabu ina tumbo la kuisubiri.

Muandike "faida" au "dau lote" kwa uwazi, maana kesi zinazaliwa hapo. Na mshikamano unaendelea kila anapouzwa nchi nyingine au klabu nyingine ya hukohuko nje. Samatta alikaa hapa kuanzia katikati ya 2011 hadi Januari 2016, takriban misimu minne na nusu, yote kati ya miaka 18 na 23. Ni kama asilimia 2.25. Genk walipomuuza Aston Villa Januari 2020, kila milioni ya dau ilikuwa na 22,500 ya Lubumbashi ndani yake. Muleka hivyohivyo: alitoka hapa 2020 kwenda Standard Liège, na alipokwenda Beşiktaş 2022, miaka yake ya hapa ilimfuata.

Mutoto wa Katuba
Sasa klozi inafaa nini? Tuitoe kabisa?

Mwanasheria BelAir
Bila klozi mchezaji mzuri hasaini, au anasaini mwaka mmoja. Anataka kuona mlango. Kazi yako ni kuchagua upana wake. Mimi ningeandika hivi: haki ni ya klabu za nje ya Kongo pekee, notisi kwa barua rasmi ya klabu, kwa anwani ya barua pepe iliyotajwa ndani ya kontra, itumike kati ya 1 na 25 Juni tu, malipo mkupuo mmoja ndani ya siku 10 za kazi, kiasi ni baada ya mshikamano na kodi, na klozi ishuke kidogo kila msimu, ili mchezaji asione haja ya kusubiri hadi miezi sita ya mwisho. Halafu mstari wa mwisho: pande zote zinaweza kukubaliana bei ya chini ya klozi ikiwa kuna asilimia ya mauzo yajayo. Mstari huo haumlazimishi mtu, lakini wakala akiusoma anajua mlango wa pili uko wapi.

Na wakala asipewe kipande cha mchezaji. Tangu Mei 2015 mtu wa tatu haruhusiwi kumiliki sehemu ya haki za mchezaji. Kamisheni ni sawa, hisa hapana.

Njano na Buluu
Umesema "klabu za nje ya Kongo pekee". Kama hamkuandika hivyo, mkaandika "klabu yoyote"?

Mwanasheria BelAir
Basi "yoyote" ni yoyote.

Njano na Buluu
Hata sisi?

Mwanasheria BelAir
Hata nyinyi. Hakuna ITC, FECOFA inabadilisha leseni tu. Ila Mwana Ruashi atalia: mauzo ya ndani ya nchi kati ya klabu za hapa, kwa klabu ya malezi ya hapahapa, hayana mshikamano wa FIFA. Zile 15,000 zinakufa.

Mwana Ruashi
Lupopo, musijaribu.

Kontabo wa Kenya
Wakijaribu, gharama zote za benki juu ya mtumaji.